Kigae cha Bermeo na jodari wa bahari yetu

Kila tarehe 22 Julai, sikukuu ya Maria Magdalena, maboti hutoka bandari ya Bermeo, mji wa wavuvi kaskazini mwa Hispania, yakiwa yamepambwa bendera kutoka omo hadi tezi. Hubeba meya, madiwani, wapiga zumari na ngoma, na wakaazi wa mji waliojazana kadiri chombo kinavyohimili. Safari yenyewe ni fupi. Yakifika karibu na Izaro, kisiwa kidogo cha mawe kisicho na mkaazi, hupunguza mwendo. Meya husimama, akashika kigae cha udongo, kigae hasa cha kuezekea nyumba, akakitupa majini. Kisha hutamka kwa Kibaski, lugha ya Wabaski, wenyeji wa pwani hiyo, maneno ambayo watu wa pale wameyarithi kwa wazee wao, nami kwa Kiswahili ningeyasema hivi: matone ya mapaa ya Bermeo yanafika mpaka hapa.

Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Kwetu pia nyumba haiishii ukutani, inaishia mchirizini, pale maji ya paa yanapoangukia. Ugomvi mwingi wa viwanja mitaani ni wa mchirizi: maji ya bati lako yakimwagikia kwa jirani, umeshavuka mpaka. Watu wa Bermeo wameichukua sheria hiyo ya nyumbani wakaipeleka baharini. Inasimuliwa kwamba zamani waligombania Izaro na jirani zao wa Mundaka, na kwamba shauri likakatwa kwa mashindano ya makasia, Bermeo wakashinda. Kisiwani kumebaki mawe, ndege wa baharini na magofu ya nyumba ya watawa Wafransisko waliokaa huko tangu 1422 hadi 1719. Hakuna anayekigombania leo. Hata hivyo kigae hutupwa kila mwaka, kisha msafara huendelea hadi Elantxobe, ambako meya wa kule humkabidhi mwenzake wa Bermeo fimbo ya madaraka, na kupitia Mundaka kwa ngoma na vyakula, waliogombana zamani wakikaribishana.

Naanza na kigae hiki kwa sababu meli za mji huo zimekuwa zikivua katika Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka 40 sasa. Wale wanaojua vizuri namna hiyo kusema bahari yao inaishia wapi, ndio wenye meli zinazofuata jodari kuanzia Shelisheli hadi nje ya pwani ya Somalia. Tuna mambo mawili nao: ya kujifunza, na ya kuwadai. Nitayasema yote mawili, na sitaki moja limeze jingine.

Bermeo uko pwani ya Bizkaia, kaskazini mwa Hispania, zaidi ya kilomita 30 kutoka Bilbao. Wakaazi wake ni kama 17,000. Kwenye ramani manispaa ni pana, ina vilima, misitu na mashamba ya kilomita za mraba 34 hivi, lakini watu karibu wote wamejibana kwenye mteremko mmoja unaoizunguka bandari. Nyumba za bandari ya zamani ni nyembamba na ndefu, ghorofa nne, tano, zimeegemeana bega kwa bega, kila moja na rangi yake, madirisha yakitazama maji. Aliyezoea vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe ataelewa upesi. Ardhi tambarare ilikuwa haba, na kila familia ilitaka kulala karibu na chombo chake. Mke wa mvuvi aliyekaa juu aliweza kukihesabu chombo cha mumewe kabla hakijafunga gati.

Hati ya mji ilitolewa mwaka 1236 na Lope Díaz de Haro, bwana wa Bizkaia. Mwaka 1476 Mfalme Fernando alikuja kuapa katika kanisa la Santa Eufemia, hatua chache kutoka majini, kwamba ataheshimu sheria za jadi za Wabaski, na Bermeo ukapewa cheo cha kichwa cha Bizkaia, cheo ulichokaa nacho hadi 1602. Moto uliuteketeza zaidi ya mara moja. Katika minara ya koo kubwa iliyosimama hapo zamani umesalia mnara wa Ercilla, na tangu 1948 ndani yake mna makumbusho ya wavuvi. Uamuzi huo unanigusa. Nyumba ya mabwana, yenye kuta za mawe mazito, imejazwa nyavu, ndoana, makasia na mifano ya vyombo vya watu ambao enzi za mabwana hao wasingepita hata mlangoni.

Lakini kinachonivuta zaidi Bermeo ni chama. Chama cha wavuvi cha San Pedro kina kanuni zilizoandikwa tangu 1353. Fikiria tarehe hiyo. Ni takriban miaka 20 tu baada ya msafiri Ibn Battuta kufika Mombasa na Kilwa. Tangu wakati huo, kwa sura moja au nyingine, wavuvi wa mji ule wamekuwa na mahali pa kukaa, kubishana na kukubaliana nani atoke lini, samaki auzwe vipi, na mjane apewe nini.

Vyama vya pwani ile vilikuwa na kazi moja ambayo nadhani kila nahodha wetu angeipenda. Vilichagua mabaharia wazee, watu wenye uzoefu wa miaka, ambao waliamka kabla ya alfajiri wakapanda kilimani kutazama mawingu, mawimbi na mwelekeo wa upepo. Wakisema leo hakuna kutoka, hakuna chombo kinachotoka. Aliyekaidi alitozwa faini. Inaonekana kama ukali, lakini itazame kwa jicho la baharia maskini. Tajiri wa chombo akimshurutisha aende siku ya tufani kwa sababu ana deni la kulipa, baharia peke yake hana ubavu wa kukataa. Chama kikikataa kwa niaba ya wote, hakuna tajiri wa kumfuta kazi baharia kwa woga.

Mpaka leo sheria ya Hispania inavitambua vyama hivi kama taasisi za umma, na katika uongozi wake matajiri wa vyombo na mabaharia wasio na chombo huwakilishwa kwa idadi sawa. Kwetu tuna vikundi vya BMU vya kusimamia uvuvi, Kenya na Tanzania, na baadhi vinafanya kazi ya kusifiwa. Ila mara ngapi umeona baharia wa kulipwa kwa fungu, yule anayevuta nyavu usiku kucha, amekaa meza moja na tajiri wa mashine na boti, kura yake sawa na ya tajiri? Na mnada wa Bermeo ni wa chama. Samaki anashuka, anapimwa, anauzwa mbele ya watu, asilimia inabaki chamani. Pale kwetu dikoni bei huwa imeshapangwa na aliyetoa mkopo wa mafuta na barafu, na mvuvi anarudi nchi kavu akiwa tayari anadaiwa samaki ambao hajawashusha.

Kanuni za namna hiyo hutoka kwenye msiba. Msiba mkubwa wa Bermeo una tarehe: 12 Agosti 1912. Wakati huo wengi walikuwa bado wanatumia tanga na makasia, na walikuwa mbali wakifuata jodari wa kiangazi. Katika Ghuba ya Biscay, bahari yao, kuna upepo unaoitwa galerna. Huja siku ya joto, bahari ikiwa shwari kama mafuta. Ghafla upepo unageuka na kuvuma kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, joto linashuka, na bahari inasimama. Wavuvi 143 walikufa maji. Kati yao 116 walikuwa wa Bermeo, 16 wa Lekeitio, 8 wa Elantxobe na 3 wa Ondarroa. Katika mji wa nyumba zilizobanana vile, wanaume 116 maana yake hakuna ngazi isiyokuwa na kilio. Nimewahi kukaa kwenye matanga ya mvuvi mmoja tu aliyepotea baharini, kaburi halipo, watu hawajui waanue matanga lini. Siwezi kuipima hiyo ya 116.

Wanawake ndio waliobeba mji. Ndio waliotengeneza nyavu kwenye gati wakiwa wamekaa chini, sindano mkononi. Ndio waliobeba samaki kichwani kupeleka vijiji vya bara. Ndio waliojaza viwanda vya kusindika, kazi iliyokua sana mwishoni mwa karne ya 19 pale Waitalia walipokuja pwani ile kutafuta dagaa wa kutia chumvi. Na katika bandari za Wabaski kulikuwa na wanawake ambao kazi yao ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba gizani wakiwaita mabaharia kwa majina waamke. Usingizi wa mji mzima ulikuwa mikononi mwao.

Uvuvi wao wa kiangazi ni mzuri kuutazama. Jodari mweupe anapoingia Ghuba ya Biscay, kuanzia Juni, maboti hutoka na samaki hai wadogo kwenye matangi. Wakilipata kundi, wanamwaga chambo kile hai, wanarusha maji juu ya bahari yafanane na dagaa wanaorukaruka, na mabaharia wanajipanga ubavuni mwa boti, kila mmoja na mwanzi wake. Samaki mmoja, ndoana moja, mtu mmoja. Kabla ya msimu, maboti hupita chini ya Gaztelugatxe, jabali lenye kanisa dogo la Mtakatifu Yohana kileleni, na kuzunguka upande huu na upande ule mbele yake kuomba salama. Ukipanda kwa miguu utahesabu, kwa mapokeo, ngazi 241, na juu utavuta kengele mara tatu. Siku hizi wanaopanda ni watalii wengi kuliko wajane, lakini maboti hayajaacha kuzunguka.

Chakula cha safari hizo ni marmitako, neno lenye maana tu ya kitu cha sufuriani: vipande vya jodari, viazi, vitunguu, pilipili hoho, mchuzi mwekundu. Viazi havikatwi vikaachana kabisa na kisu. Kisu kinaingia nusu, halafu kipande kinabanduliwa, ili wanga utoke na mchuzi uwe mzito. Samaki anaingia mwisho, moto ukishazimwa, asikauke. Aliyewahi kula mchuzi wa jodari na viazi kwenye jahazi, akakwangua sufuria pamoja na wenzake, atajua kwamba mabaharia hawa wawili wangeweza kula sahani moja bila kuulizana asili.

Na kuna jambo moja zaidi la kuwasifu kabla sijafika kwenye deni. Nembo ya Bermeo ina mashua na nyangumi. Wabaski waliwinda nyangumi wa ghuba ile kwa karne nyingi hadi wakaisha. Wa mwisho aliuawa Orio, bandari nyingine ya Wabaski, mwaka 1901. Karne moja baadaye, dagaa wa Ghuba ya Biscay, tegemeo la majira ya kuchipua, walipungua vibaya mno. Mwaka 2005 uvuvi wao ukafungwa, na isipokuwa kipindi kifupi mwaka 2006, haukufunguliwa rasmi hadi 2010. Wavuvi waliumia. Lakini dagaa walirudi, na leo wanavuliwa kwa viwango vilivyopangwa. Yaani watu hawa wanajua kwa mwili wao kwamba bahari hupumzishwa, na kwamba ikipumzishwa hurudisha.

Sasa tuje kwenye meli kubwa.

Katika miaka ya 1950 maboti ya Wabaski yalianza kwenda Dakar kufuata jodari wa maji ya joto. Boti zikakua, mianzi ikaachwa, zikaja nyavu za kuzingira na matangi ya kugandisha. Mwaka 1984 ndipo Wahispania na Wafaransa walipohamia Bahari ya Hindi kwa wingi, wakaifanya Victoria, Shelisheli, bandari yao. Umoja wa wenye meli za jodari za kugandisha, ANABAC, una makao yake Bermeo hadi leo, na mji wenyewe unajitangaza kuwa mji mkuu wa jodari duniani. Jodari huyo anayeupa mji jina si yule wa mwanzi na ndoana. Sehemu kubwa ya sifa hiyo inaelea huku kwetu.

Meli moja ya aina hiyo ina urefu wa mita 80 hadi 100 na zaidi. Wavu wake hufika kilomita moja na nusu au zaidi kwa urefu, na kina chake hupita mita 200. Humzingira samaki, kisha kamba ya chini huvutwa na wavu hufunga kama mfuko wa pesa. Ringineti ya kwetu hufanya hivyo hivyo, ila ile ya kwetu mtu mmoja huweza kuiona yote kwa jicho.

Siri kubwa ya meli hizi ni chelezo. Wavuvi wote wa dunia wanajua kwamba samaki hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, gogo au mzoga. Basi meli huachia chelezo bandia baharini, fremu yenye vitambaa au kamba zinazoning'inia, na boya juu yake lenye paneli ya jua, mawasiliano ya setilaiti na kipimo kinachosoma samaki walioko chini. Nahodha akiwa chumbani anaona kwenye skrini chelezo gani lina tani ngapi, anaenda moja kwa moja. Mwaka 2019 kanuni za Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, ziliweka ukomo wa maboya 300 yanayofanya kazi kwa meli moja kwa wakati mmoja. Soma tena: 300 kwa meli moja, na huo ndio uliokuwa ukomo. Chini ya vyelezo hujikusanya pia jodari wachanga ambao hawajazaa hata mara moja. Na vikipotea, mkondo huvileta kwenye matumbawe na fukwe. Pale Kipumbwi, wilayani Pangani, nimeona boya kama hilo limewekwa uani kwa mvuvi mmoja. Paneli ilikuwa imeshabanduliwa na inachaji simu za majirani, na ganda lilikuwa limegeuzwa kigoda cha kupikia. Watoto walijua kwamba limetoka baharini, basi. Nani alilitupa, kwa kibali cha nani, hakuna aliyewahi kuja kuwaambia.

Mwaka 2009, tarehe 2 Oktoba, watu wenye silaha kutoka Somalia waliiteka Alakrana, meli ya kampuni ya Bermeo, ikiwa na mabaharia 36. Wahispania walikuwa 16. Wengine walitoka Ghana, Indonesia, Cote d'Ivoire, Senegal, Madagascar na Shelisheli. Waliachiwa baada ya siku 47. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2008, ilikuwa imetekwa Playa de Bakio, nayo ya Bermeo. Siwezi kuutetea utekaji. Baharia aliyelala na mtutu kichwani ana mama kama nilivyo naye mimi, awe Mbaski au Mghana. Ila tazama kilichofuata. Familia ziliandamana Bermeo. Hispania ikabadili kanuni zake ili meli za uvuvi zibebe walinzi wenye silaha nzito. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaanzisha operesheni ya kijeshi, Atalanta, tangu Desemba 2008, na Hispania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoisukuma. Mji wa watu 17,000 ulilia, na manowari zikaja mpaka Bahari ya Hindi.

Wavuvi wa pwani ya Somalia nao walikuwa wamelia kwa miaka kuhusu meli za kigeni zilizovua bila kibali baada ya serikali yao kuanguka 1991. Kilio hicho hakikuleta manowari. Sisemi Alakrana ndiyo iliyofanya hivyo. Nasema kilio kimoja kilikuwa na chama nyuma yake, meya, wabunge, serikali na Brussels, na kingine kilikuwa na upepo tu.

Tukio la pili lilitokea nyumbani kwetu. Februari 2023 IOTC ilikutana Mombasa kwa kikao maalumu cha vyelezo. Kenya ilikuwa imeandaa pendekezo kali, ikaliondoa Januari kabla ya kikao. Indonesia na wenzake wakaleta la kwao, likapita kwa kura: pamoja na mambo mengine, vyelezo vipumzishwe siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya ukaweka pingamizi, na kwa kanuni za kamisheni mwenye pingamizi hafungwi. Baadhi ya nchi za bahari hii hii zikafuata, zikiwemo Shelisheli na Komoro.

Wenye meli wana hoja zao, na ni haki kuzisema. Walidai kwamba siku 72 hazikutokana na ushauri wa kisayansi, kwamba meli zao zina waangalizi na kamera kuliko meli za wengi, na kwamba nyavu za kutegwa za nchi za pwani zinaua jodari, kasa na pomboo bila mtu kuhesabu. Hiyo ya mwisho ni kweli na inatuuma. Hata hali ya jodari wa mapezi ya njano, aliyetangazwa mwaka 2015 kuwa anavuliwa kupita kiasi, ilionekana na nafuu katika tathmini ya 2024. Lakini mimi nabaki na swali moja ambalo halijibiwi na takwimu. Nyumbani, dagaa walipopungua, bandari za Wabaski zilivumilia karibu miaka mitano. Huku kwetu siku 72 zikaonekana nyingi.

Najua wanaotupa nyavu si wale wale. Maboti ya chama cha San Pedro na makampuni ya meli za kugandisha ni watu tofauti, na wavuvi wadogo wa Kibaski wamewahi kupigana na meli kubwa za wengine katika ghuba yao. Hapo ndipo ninapowadai watu wa Bermeo, kwa heshima yote. Waichukue busara ya chama chao waipakie kwenye meli zenye jina la mji wao. Sheria ya wazee wanaopanda kilimani na kusema leo hakuna kutoka, iwe na nguvu hata kilima kinapokuwa Pemba.

Na sisi je? Kigae chetu kiko wapi? Tanzania ina eneo la bahari la kiuchumi la takriban kilomita za mraba 223,000, na ina mamlaka ya kusimamia uvuvi wa bahari kuu yenye makao Zanzibar. Kenya nayo ina eneo lake. Mistari ipo kwenye ramani za wizara. Lakini mpaka usiotamkwa mbele ya watu kila mwaka husahaulika na wenyewe kwanza. Orodha ya meli zilizopewa leseni, jina la meli, bendera, mwenye mali, kiasi alicholipa na kiasi alichovua, ibandikwe dikoni kama matokeo ya mtihani yanavyobandikwa shuleni. Kila boya linaloachiwa liwe na anwani, na likiangukia tumbawe la Mafia au Kisite, mwenye anwani alipe wa kuliondoa. Ujumbe unaokwenda kwenye vikao vya kamisheni uwe na mvuvi ndani, si wa kupigwa picha, bali aliyechaguliwa na wenzake na atakayerudi kuwaeleza. Na nchi za pwani zikae pamoja kabla ya kura badala ya kuvutwa moja moja na misaada na mikataba. Komoro na Shelisheli wana sababu zao. Shelisheli hasa, ambako kiwanda cha kusindika jodari pale Victoria kimebeba ajira za watu wengi, hawezi kuambiwa tu afunge bandari. Hilo ni jambo la kuzungumzwa kidugu, mezani, mapema, kama Mundaka na Bermeo walivyokuja kuzungumza baada ya kugombana.

Nyavu zetu haramu pia. Huwezi kumwambia Mbaski asivue jodari mchanga huku wewe una kokoro ufukweni linalokusanya hata mayai. Hilo linaniuma kulisema, lakini wavuvi wenzangu wanajua ni kweli.

Mwezi uliopita nilirudi Kipumbwi. Mzee mwenye lile boya, nahodha wa miaka mingi, alikuwa anaparura chombo kwa ajili ya kukitia kalafati. Nikamsimulia habari za kigae, akacheka kwa furaha, akataka kujua kama meya anakitupa kwa mkono wa kulia. Nikamuuliza, na wewe mzee, bahari yako inaishia wapi? Hakunyoosha kidole. Aliinama chini ya chombo, akavuta dumu la petroli la lita 20, akaliweka kati yetu, akachora mstari kwa kucha katikati ya ubavu wake. Mafuta yakifika hapa, mwanangu, tunageuza.